Ukuta Uliovimba Kule Alum Rock

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya washauri wa majengo ya kale, hapa Birmingham, sikuketi mezani hata kidogo. Msanifu Mkuu aliyeniajiri, Mwingereza mwembamba aliyevaa koti lile lile kiangazi na baridi, alinipeleka mtaa wa Acocks Green kwa treni, akanisimamisha mbele ya nyumba mbili zilizopakana na kuniuliza, "Ipi ilitangulia kujengwa, na umejuaje?" Manyunyu yalikuwa yakinilowesha hijabu. Nikasema ya kushoto, kwa sababu matofali yake hayakulingana ukubwa, kama yaliyofyatuliwa kwa mkono.

"Umepata," akasema, "lakini jibu rahisi lilikuwa kwenye bomba la moshi. Hukutazama juu. Kesho tutaanzia paani."

Mimi ni Msomali wa Kenya. Nilikulia Nakuru, nikasomea ujenzi chuo cha ufundi Nairobi, kisha nikaolewa na kuhamia Uholanzi, ambako nilichora ramani katika ofisi ya mhandisi. Mume wangu alipopata kazi Birmingham tulifungasha tena, sisi na watoto, tukaja kukaa Erdington, mtaa mwingine wa hapa. Nilidhani nitaendelea kuchora. Badala yake nikaingia katika kazi ambayo hata mama yangu sikuweza kumweleza vizuri kwa simu: kazi ya kusema thamani ya urithi wa jengo, yaani jengo hili likiondoka, tutapoteza nini ambacho hatutakipata kwingine.

Ninyi mnaoianza leo mna vyombo vya kupiga picha kutoka angani na mashine za kupima kwa mwanga. Sisi tulikuwa na tochi, kisu kidogo cha kuchokoa kati ya matofali, na timazi, ile risasi iliyofungwa kwenye uzi inayokuonyesha kama ukuta umesimama wima au unakudanganya. Kisu kilikuwa cha kujua kama matofali yameshikwa na chokaa au saruji. Nyumba za zamani zilijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, ukuta ukijongea kidogo nayo inajongea, na unyevu unapata pa kutokea. Mtu akija baadaye akaziba kwa saruji ngumu, ukuta unashindwa kupumua na matofali yanaanza kumomonyoka.

Nyumba nilizozijua kuliko zote ni zile za safu. Ni nyumba nyembamba za ghorofa moja zilizoshikana bega kwa bega, kila moja ikitumia ukuta mmoja na jirani. Zilijengwa kwa maelfu, kwa ajili ya watu wa viwandani, na kwa kuwa zilikuwa nyingi, hakuna aliyeona haja ya kuzitunza. Wakati naanza kazi, ukisema nyumba ya safu ina thamani ya urithi, baadhi ya watu walikucheka.

Msanifu Mkuu alipostaafu, ofisi ilishikwa na Mkurugenzi, mwanamke mfupi, mchache wa maneno, aliyesoma kila ripoti akiwa amesimama. Ni yeye aliyeniita mwaka 2018, baridi ikianza, akanipa kazi niliyoibeba moyoni kuliko nyingine zote.

Kulikuwa na safu moja fupi katika mtaa wa nyuma ya barabara ya maduka ya Alum Rock. Ukuta wa mbele wa nyumba ya mwisho ulikuwa umevimba, na ufa ulikuwa umeteremka toka dirisha la juu. Kampuni iliyomiliki nyumba zile ilikuwa imemleta Mhandisi, naye alishauri safu yote ivunjwe, kwa kuwa nyumba zinazoshikana kuta huangushana. Kabla ya uamuzi, idara ya mipango miji ilitaka maelezo ya thamani ya urithi. Hayo ndiyo niliyotumwa kuyaandika.

Nilibisha hodi nyumba ya mwisho. Akafungua mama wa makamo, kitambaa kichwani, macho mekundu kwa usingizi. Baadaye nilijua kwamba alikuwa akifanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Nikajaribu Kiingereza, akanitazama vizuri, akaniuliza kwa Kiswahili, "Uko Mukenya ao Mutanzania?"

"Mkenya. Msomali wa Kenya. Naitwa Sahra."

"Ah! Basi tutasikilizana kidogo-kidogo. Karibu, mama. Miye niko Mama Furaha, natoka Bukavu."

Aliniwekea chai kabla sijatoa tochi. Kisha akakaa mbele yangu, mikono magotini.

"Banasema banabomoa. Ni kweli?"

"Bado hawajaamua, Mama Furaha. Nimetumwa kuangalia."

"Sikiliza. Nilikimbia Bukavu na batoto bawili mukononi. Tukakaa kambini miaka na miaka. Halafu banatuleta hapa, na hapa njo Furaha alizaliwa. Sitaki kukimbia tena, hata kama ni ukuta njo unanifukuza."

Kutoka ngazini sauti ya msichana ikasema, "Mum, don't cry, please." Ndiye Furaha mwenyewe, wa sekondari. Alikielewa Kiswahili chetu chote, ila majibu yake yalikuja kwa Kiingereza.

Sikuwa na ruhusa ya kumwahidi mama yule chochote, na kusema kweli sikuwa na la kumwahidi. Nilipanda chumba cha mbele, nikafungua dirisha na kuteremsha timazi. Uzi ulipaswa kuning'inia sambamba na matofali. Katikati ya ukuta matofali yalikuwa yametoka nje karibu upana wa kiganja. Mhandisi alikuwa amesimama chini kando ya barabara, watoto wa shule wakimpita na mabegi yao.

"Umeona?" akaniuliza niliposhuka. "Mimi nisingemlaza mwanangu nyuma ya ukuta huu."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi niliogopa pamoja naye. Nikitetea safu ile, kisha ukuta uwaangukie watoto wale, ningeishi vipi? Lakini nilikuwa nimegundua jambo huko juu. Fremu ya dirisha ilikuwa imechongwa kwa mviringo kuufuata uvimbe, na ilikuwa fremu ya zamani. Kuna seremala aliyeukuta ukuta umevimba hivyo hivyo, pengine kabla mimi sijazaliwa. Nikamwonyesha Mhandisi. Akapanda, akaipapasa ile fremu kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo swali si kama umevimba," akasema. "Swali ni kama bado unatembea."

Tukakubaliana kuupima hadi baridi iishe, kwa sababu barafu ndiyo inayochokonoa kuta. Ukuta uliegemezwa kwa nguzo za chuma, vyumba vya mbele vikafungwa, familia zikalala vyumba vya nyuma. Juu ya ufa tukabandika vipande vyembamba vya kioo kwa plasta, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Kioo hakijui kunyumbulika. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika.

Mama Furaha alitoka nje na shali yake, akatutazama tukibandika.

"Kwetu bamasoni banaita ile *témoin*, ni kusema shahidi," akasema. "Baba yangu alikuwa masoni, wa kujenga manyumba."

Nikamtafsiria Mhandisi. Akalipenda neno. Tangu siku hiyo sote tuliviita mashahidi.

Nikarudi ofisini kuandika. Niliandika juu ya Mama Furaha, juu ya jirani yake Bwana Clifton, mzee wa Kijamaika aliyekaa pale tangu ujana wake, juu ya familia za Kipakistani za katikati ya safu. Nilidhani nimeandika vizuri sana. Mkurugenzi akasoma akiwa amesimama, akaniwekea karatasi mezani.

"Sahra, hii ni barua ya kuomba huruma. Watu hawa wakihama kesho, hoja yako inahama nao. Nionyeshe kitu kwenye matofali."

Nilikasirika. Siku ile nilikula chakula cha mchana peke yangu. Lakini jioni, nikiosha vyombo nyumbani, nilikiri moyoni kwamba amesema kweli, na wiki iliyofuata nikarudi Alum Rock.

"Nyuma umefika?" Mama Furaha akaniuliza. Sikuwa nimefika, maana mlango wake wa jikoni ulikuwa umezibwa na friji. Akanipitisha kwenye kichochoro chenye giza kinachopita kati ya nyumba mbili, chini ya chumba cha juu, aina ya vichochoro mnavyoviona Birmingham nzima. Tukatokea uani, nikasimama.

Mitaa mingine yote niliyoikagua, ua wa nyuma ulishakatwakatwa kwa kuta na nyua za mbao, kila mtu na kipande chake. Huu ulikuwa mmoja, wa wote, umesakafiwa matofali ya buluu kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kule mwisho kilisimama kibanda cha kufulia, bomba lake la moshi bado wima. Ndani kulikuwa na jiko la matofali la kuchemshia maji ya nguo, na ukutani misumari ya kutundikia, juu ya kila msumari imeandikwa kwa rangi namba ya nyumba yake. Zamani kila familia ilikuwa na siku yake ya kufua. Vibanda kama hivyo vilivunjwa karibu kila mahali watu walipopata mashine.

"Na hiki mbona hamkukivunja?"

"Tutavunja na tutapikia wapi? Kama kuna kilio, bamama ba kanisa banakuja hapa. Banapika sombe, fufu, yote. Clifton naye anaweka baiskeli yake. Na barabu ba katikati, siku ya Idi, bananipigia hodi, banasema, Mama, tunaweza kutumia?"

Alipowaita jirani zake Wapakistani Waarabu nilicheka, nikaacha. Nilipima ua ule hadi vidole vikafa ganzi. Sasa nilikuwa na cha kusema, na kilikuwa kwenye matofali: kwamba safu ile ilikuwa imebaki nzima, nyumba, kichochoro, ua na kibanda, jinsi wafanyakazi wa zamani walivyoishi kwa kushirikiana, na kwamba ukivunja nyumba moja tu umeua kile kilichozifunga pamoja. Na watu waliokuja baadaye toka pande zote za dunia waliukuta mpango huo, wakaufuata bila kuambiwa. Mkurugenzi akasoma akiwa amesimama. Akavuta kiti, akakaa, akasoma tena.

"Hii nitaipeleka mwenyewe," akasema.

Mnamo Februari, asubuhi moja ya barafu, simu yangu ikalia.

"Mama Sahra, kuja mbio. *Témoin* imevunjika."

Sikumbuki nilivyopanda basi. Nakumbuka nilivyokaa ndani yake nikisoma dua na kujiambia kwamba mimi ndiye niliyewaweka watu wale chini ya ukuta. Nilipofika, safu yote ilikuwa imetoka nje, watoto wamefunikwa mablanketi, Bwana Clifton na kofia yake, Mama Furaha akiwa bado na sare ya kazini. Mhandisi alikuwa ameshatangulia.

"Hakuna kuingia mpaka nijue," alikuwa akisema. Akapanda jukwaa la mafundi. Akakiangalia kioo cha katikati, kisha cha juu, kisha cha chini. Akakaa huko muda ambao sitaki kuukumbuka.

"Cha juu kizima," akaita. "Cha chini kizima. Na hiki hakikukatika. Ukuta ukisogea, kioo hupasuka mstari mmoja, kwenye ufa. Hiki kimepigwa. Nani alikuwa huku juu?"

Bwana Clifton akavua kofia.

"Mfereji wa maji ya mvua kule paani ulikuwa umeziba kwa majani," akasema. "Maji yalikuwa yanateremkia kwenye ufa. Asubuhi nimeweka ngazi yangu nikazibue, ili ukuta usilowe. Sikusikia kitu chochote. Masikio yenyewe ndiyo haya."

Mhandisi akainamisha kichwa kwenye vyuma vya jukwaa, mabega yakimtikisika. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka. Mama Furaha akaketi kwenye kizingiti akicheka na kulia pamoja. Nikasema "Alhamdulillahi," na yeye papo hapo akasema "Aleluya," tukatazamana, tukaanza kucheka upya. Bwana Clifton alikatazwa kugusa ngazi hadi kiangazi, na mfereji wake ukazibuliwa na fundi.

Baridi iliisha mashahidi wengine wakiwa wazima. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba uvimbe ni wa zamani na umetulia, na kwamba ukuta ungeweza kufungwa kwa fimbo za chuma hadi kwenye boriti za sakafu. Safu ikaingizwa kwenye orodha ya majengo ya mji yenye thamani, na kampuni ikakubali kuitengeneza. Nilimpigia simu Mama Furaha nikiwa bado kwenye ngazi za jengo la idara ya mipango miji, uamuzi ukiwa ndiyo kwanza umetoka.

"Tunabaki?" akauliza.

"Mnabaki."

Nikasikia akipaza sauti ndani ya nyumba, na Furaha akijibu, "I told you! Mum, I told you!"

Nimestaafu sasa. Wengi huniuliza ni majengo mangapi tuliyaokoa, nami huwaambia kwamba mengi tuliyapoteza, na mengine yalistahili kwenda. Kazi hii haikuhitaji uipende kila nyumba ya zamani. Ilihitaji uende nyuma, uulize, na ukubali kurudishiwa karatasi yako. Ninawashukuru wakubwa wangu wote wawili, na zaidi yule aliyeniudhi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Alum Rock kukagua mafundi walipomaliza. Nguzo zilikuwa zimeondolewa. Kati ya matofali kulikuwa na chokaa mpya, nyeupe bado, na mabamba ya fimbo za chuma yamepakwa rangi nyeusi. Adhuhuri ile jua lilikuwa limeupiga ukuta wote. Furaha akanifungulia mlango kabla sijabisha, kidole mdomoni.

"Mama amelala," akaninong'oneza, kwa Kiswahili, mara yangu ya kwanza kumsikia akikisema. "Chumba cha mbele."

Nilitazama juu. Pazia lilikuwa limeshushwa, dirisha limeachwa wazi kidogo. Nikamaliza ukaguzi wangu nikiwa pale pale nje, nikamwashiria Furaha kwaheri, na geti nikalirudisha kwa mikono miwili lisipige kelele.