Vitabu Kumi na Viwili vya Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo wateja walimpa kwa sababu hakuweza kuona pindo la nguo limekaa upande akanyamaza. Hata kama nguo haikutoka kwake, hata kama mwenyewe alikuwa anapita njia tu, alimwita: "Njoo hapa mdogo wangu, nikuwekee sawa hiyo." Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, na kona iliyozibwa kwa pazia ambako watu walijaribia nguo.

Mwanzoni mwa mwaka alipata kazi ya kushona mapazia ya maktaba ya mji. Siku ya kuyatundika alipanda ngazi, na kila alipoinua kichwa alikuta rafu ya juu iko sawasawa na pua yake. Akasoma jina la kitabu kimoja, la pili, la tatu. Utotoni alikuwa mtu wa kusoma hata maandishi ya kwenye kibiriti. Halafu ikaja kazi, mume, watoto, na miaka ikapita akiwa hasomi chochote zaidi ya namba za tepe ya kupimia. Aliposhuka kwenye ngazi alikuwa na kitabu mkononi, na mkutubi akamwandikia kadi palepale.

Jioni, wakiwa mezani, akatangaza, "Mwaka huu nasoma vitabu kumi na viwili. Kila mwezi kimoja."

Mumewe, fundi bomba, aliacha kutafuna. "Wewe? Wewe ukilala na kitabu, kitabu ndicho kinachokusoma."

"Tutaona."

"Haya. Ukivimaliza, mimi nitapika mwezi mzima."

"Hiyo si zawadi, Baba Watoto. Hiyo ni adhabu, tena ya nyumba nzima."

Watoto walicheka. Baba mkwe wake, aliyeketi mwisho wa meza, hakucheka wala hakusema kitu. Mzee huyu alifanya kazi stesheni ya reli mpaka alipostaafu, yeye ndiye aliyetangaza treni kwenye vipaza sauti: ipi inaingia, ipi inachelewa, ipi inaondoka. Lakini tangu mkewe afariki na yeye kuhamia kwa mwanawe, maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kifuniko cha soda. Mama Pindo hakupenda abaki peke yake nyumbani, kwa hiyo kila asubuhi walitoka pamoja. Yeye alishona, mzee alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akitazama barabara.

Vitabu viwili vya kwanza vilikwenda vizuri. Kisha shule zikaagiza sare, na duka likajaa vitambaa mpaka dirishani. Kitabu cha tatu kilifunikwa na vitambaa hivyo kwa wiki kadhaa. Kila akikifungua kitandani, usingizi ulimchukua kabla ya ukurasa kwisha.

"Mshika mawili moja humponyoka," mumewe alimkumbusha, huku akimwondolea kitabu usoni.

Hakutaka kushindwa. Mchana mmoja alikilaza kitabu wazi pembeni ya cherehani, akakikandamiza kwa mkasi, akawa anashona na kusoma kwa zamu, jicho huku, jicho kule. Kwenye hadithi, mama wa kambo alikuwa ndiyo kwanza anafungua sanduku la marehemu mumewe. Mama Pindo alipoinua shati la sare alilokuwa akilishona, alikuta mkono wa kushoto umeshonwa ukazibwa kabisa.

Akachukua wembe kuanza kufumua, midomo kaibana. Ndipo baba mkwe alipoinuka kitini, akakichomoa kitabu chini ya mkasi.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Hapo juu, Baba. Mama wa kambo anafungua sanduku."

Mzee akavaa miwani, akakohoa, akasoma. Ile sauti haikuwa imezeeka. Ilitoka kifuani, pana, na kila neno lilisimama mahali pake. Alipofika "Sura ya Saba" aliitamka kana kwamba sura hiyo inaingia jukwaa la pili na abiria wakae tayari na mizigo yao. Mama Pindo alishona mpaka jioni bila kukosea hata mshono mmoja.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yao. Shida ilitokea kwenye kitabu cha tano, cha mapenzi, ambacho Mama Pindo alikiazima bila kukipekua. Kijana na binti walikuwa wamefungiwa na mvua ndani ya ghala. Mzee alisoma, akapunguza mwendo, akanyamaza. Akakohoa mara mbili.

"Hapa wana mazungumzo yao," alisema, akafunua kurasa mbili kwa pamoja. "Mvua imekatika. Wanarudi nyumbani."

"Ndiyo, Baba," Mama Pindo alijibu, uso kausogeza kabisa karibu na sindano. Alizisoma kurasa hizo mwenyewe alipofika nyumbani, jikoni, akicheka peke yake.

Siku nyingine mama mmoja alikuwa nyuma ya pazia akijaribu gauni. Alichomoza kichwa tu, bega moja wazi. "Samahani, mzee wangu. Si wewe uliyekuwa ukituitia treni?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nafika na wanangu wadogo, mizigo, vurugu. Nikiisikia sauti yako natulia. Nasema, huyu hawezi kuniacha."

Mzee alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Siku hiyo alisoma sura mbili zaidi.

Fundi bomba alipopata habari, alipinga. "Kusomewa si kusoma. Hivyo vya dukani havihesabiki."

Mama Pindo aliliwaza jambo hilo akipiga pasi. Kwa kweli lilimgusa. Mwishowe akamwambia, "Lengo ni langu, na mwenye lengo ndiye mwamuzi. Ninavisikia neno kwa neno, navihesabu. Ila cha mwisho nitakisoma kwa macho yangu, mwanzo hadi mwisho." Mumewe akainua mikono juu, akaenda zake kutafuta spana.

Mwaka ulipokuwa unaelekea ukingoni, mzee aliugua mapafu, akalazwa. Mama Pindo alikwenda kila alasiri baada ya kufunga duka mapema, akiwa na kitabu cha kumi na moja kwenye mkoba. Alikaa pembeni ya kitanda, akasoma yeye.

"Unakimbia," mzee alisema, macho kayafumba. "Abiria hawajapanda."

Akapunguza mwendo.

"Hapo sawa." Akapumua kwa taabu. "Mama yenu nilikuwa namsomea gazeti kila jioni. Nafanya mazoezi ya kutangaza, yeye ananisahihisha. Alipoondoka, sikumpata tena mtu wa kumwambia treni imefika."

Mama Pindo alishika ncha ya shuka iliyokuwa imeanza kuchanika, akaikunja taratibu kwa vidole, kisha akaendelea kusoma, polepole, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia muda wa wageni umekwisha.

Mzee alipona. Alirudi nyumbani amekonda, lakini sauti alirudi nayo nzima.

Kitabu cha kumi na mbili Mama Pindo alikimaliza Jumapili moja kabla ya mwaka kwisha, kwenye baraza, miguu juu ya kigoda. Hakupiga kelele. Alikifunga, akakaa nacho mapajani, akasikia kifua kimekuwa chepesi kama siku ya kumkabidhi bibi harusi gauni lake. Kisha akaingia ndani kumwambia baba mkwe. Mzee alimpa mkono, kwa heshima, kama mtu anavyopongezwa kazini.

"Na mwisho wake ukoje?" aliuliza.

"Sikuambii, Baba. Utaniharibia utamu wa kukusomea."

Mwaka mpya ulipoingia, mkutubi alifika dukani. Alikuwa amesikia habari za mzee, akamwomba awe anakwenda maktaba kuwasomea watoto, siku yoyote atakayopenda.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Nashukuru, mwanangu," alisema. "Lakini Jumatatu mpaka Jumamosi mimi niko kazini." Akavaa miwani, akamgeukia mkwewe, na kumuuliza kama yuko tayari.