Mia Moja Iliyopotea Kila Asubuhi

Mashine yetu ya hesabu ilidanganya asubuhi na kusema kweli mchana.

Najua inavyosikika. Mimi mwenyewe, mwanafunzi wa hisabati wa mwaka wa pili, nisingemwamini mtu wa kunieleza hivyo. Lakini nilikuwapo. Tabora, Agosti 1975, nimepelekwa kwa mafunzo ya vitendo katika ofisi ya kugawa mbegu kwa vijiji vya ujamaa.

Mashine ilikuwa chuma kizito chenye vitufe, na mkono wa kuzungusha ubavuni. Unabonyeza namba, unazungusha, inajumlisha. Kifuniko kilipigwa lakiri, na aliyeruhusiwa kukifungua ni wakala wa Dar es Salaam peke yake.

Juma langu la tatu alikuja Mzee Shomari, mwenyekiti wa kijiji kimoja upande wa Usinge, na orodha za mabalozi wake wa nyumba kumi.

Kaya mia tatu na kumi na mbili, alisema.

Mashine ikasema mia mbili na kumi na mbili.

Mkuu wa ofisi, Bwana Anselm, alirudia asubuhi tatu mfululizo. Jibu lile lile.

“Mzee, hizi kaya mia zinakaa wapi? Juu ya miti, na nyuki wenu?”

“Zinakaa kijijini, ndugu. Njoo uzihesabu.”

“Sina haja. Mashine haina shemeji Usinge.”

Makarani wakacheka. Mzee hakucheka. Barua ilikwisha kuandikwa: avuliwe uenyekiti, afikishwe polisi, na lori la Jumamosi libebe mbegu za kaya mia mbili na kumi na mbili tu.

Hizo mia nyingine zingepanda nini mvua zikianza?

Saa nane mchana, ofisi ikiwa tupu, nilijumlisha kwa kalamu. Mia tatu na kumi na mbili. Nikazungusha mashine. Mia tatu na kumi na mbili.

“Umeichezea,” Bwana Anselm akasema aliporudi na kuona jibu. “Chuo kinawafundisha kubishana na wakubwa, siyo?”

“Kinatufundisha kuhakiki.”

“Basi hakiki sakafu. Bi Mwamvita atakupa ufagio.”

Kesho yake, baridi ingali dirishani, nilisimama nyuma ya Bwana Anselm nikitazama akijumlisha. Makumi yalijaa, lakini gurudumu la mia halikuruka. Mia moja ilianguka njiani.

Nikaamini nimeelewa. Mtu ameiharibu kwa makusudi ili mbegu zibaki, na mtu huyo ni yeye.

“Hii ni hujuma, Bwana Anselm,” nilisema mbele ya ofisi nzima.



“Ifungue,” akajibu polepole. “Ukikosea, barua yangu itafika chuoni kabla yako.”

Ijumaa nilimleta Fakhrudin, fundi wa cherehani na taipureta wa karibu na sokoni. Alikuja na bisibisi zake na uso wa mtu aliyeitwa msibani.

“Lakiri ukate wewe, binti. Mimi nina leseni ya kulinda.”

Nikaikata. Mzee Shomari alikuwapo, kofia mkononi.

Fakhrudin akafungua kifuniko, akakwangua meno ya gurudumu kwa ukucha, akanusa.

“Nani amepaka nta humu?”

Nta ya nyuki, imekorogwa na mafuta ya karanga. Asubuhi huganda na gurudumu la mia likakwama. Jua likipanda hulainika, hesabu ikatengemaa.

Nikamgeukia Bwana Anselm. Nilikuwa na hotuba nzima kinywani.

“Mwanangu,” akasema Bi Mwamvita, mhudumu wetu, kwa sauti ndogo. “Si ulisema wewe?”

“Nilisema nini?”

“Juma lako la kwanza. Mafuta ya mashine yalikuwa hayapatikani mji mzima. Ukatuhutubia juu ya kujitegemea. Ukanipa lile kopo la nta lililoletwa ofisini kutoka kijijini kwa Mzee huyu, ukasema niikoroge na mafuta ya karanga na kila kinacholia humu ofisini kipakwe.” Akatazama chini. “Milango ilikuwa inalia. Na mashine ilikuwa inalia, nikaimiminia ya moto kwenye nyufa za vitufe.”

Bwana Anselm akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

“Endelea, ndugu mhakiki. Ulikuwa unasema hujuma.”

Ningeweza kusema sikuitaja mashine kwa jina. Ilikuwa kweli, na Bi Mwamvita angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

“Niliamuru mimi,” nikasema. “Andika jina langu.”

Fakhrudin akaosha magurudumu kwa mafuta ya taa hadi yakang’aa. Jumamosi, saa moja asubuhi, meno yetu yakigongana kwa baridi, Bwana Anselm alizungusha mkono mwenyewe.

Mia tatu na kumi na mbili.

Hakuomba radhi. Aliichana barua ya Mzee, akachukua karatasi nyingine, akaanza ya kwangu. Ilifika chuoni kabla yangu, kama alivyoahidi, nami nikarudia mwaka.

Lori lilipojaa, nilimfuata Mzee Shomari. Nilitarajia shukrani, sifichi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba.” Akapanda juu ya magunia, akanitazama kutoka kule. “Nta ile tulileta ya mishumaa, binti. Ungeuliza.”

Lori likaondoka.

Nilithubutu kukata lakiri na kumvua mtu nguo mbele ya watu wake. Kitu pekee ambacho sikukihakiki ni amri yangu mwenyewe. Chombo kikiharibika mahali ulipo, kabla hujamtafuta adui, jiulize wewe ulisema kipakwe nini.