Masizi ya Sufuria ya Babu Mchoraji

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, saa tisa na robo alasiri, mama aliponituma kupeleka mayai kwa babu mchoraji. Si babu yangu wa damu. Ni jirani yetu hapa Karatu, karibu na barabara ya kwenda lango la Ngorongoro, na watoto wote wa mtaani tunamwita babu.

Nilipenda kutumwa kwake. Mimi ni mtu wa kunyamaza, nikiulizwa kitu mbele ya watu sauti inakwama, na yeye hanilazimishi kuongea. Huwa nakaa kwenye kigoda nikimtazama akichora. Alianza ujanani kwa kuandika vibao vya mabucha na saluni. Kisha kwa miaka mingi akachora simba na tembo wa kuwauzia watalii. Halafu akaacha. Sasa anachora vitu vya mezani tu, kitunguu, bakuli, taa ya chemli, na anavichora mpaka unataka kunyoosha mkono uvishike.

"Kwa nini uliacha tembo, babu?" niliwahi kumuuliza.

"Tembo namwona anavuka barabara, dakika mbili kaondoka. Sufuria nimeishi nayo."

Jumamosi hiyo nilikuta mlango wazi na babu hayupo. Sufuria ilikuwa mezani, nyeusi kuanzia chini mpaka karibu na ukingo, na vitunguu vitatu kutoka mashamba ya Baray pembeni yake. Kwenye turubai yake ya kuchorea vitunguu vilishakamilika, na mfuniko pia. Tumbo la sufuria lilikuwa bado jeupe, halijaguswa. Jumatatu gari la hoteli lingekuja kuchukua picha hiyo. Alikuwa ameniambia, akijifanya hajali, kwamba tangu aanze kuchora hakuna hoteli iliyowahi kumwomba picha isiyo na mnyama.

Nitasema ukweli. Nilimwonea huruma. Nilitazama pale peupe nikadhani amesimama hapo kwa sababu anasubiri sufuria ioshwe, na hana wa kumwoshea. Kwetu msichana akiacha masizi kwenye sufuria anasemwa na mama, na shangazi, na jirani. Nikaitoa uani, nikachota majivu, nikaisugua kwa gunzi la mahindi mpaka nikaiona pua yangu.

Babu akanikuta naisuuza. Alikuwa na chupa ya mafuta ya kusafishia brashi mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akaichukua sufuria, akaigeuza kwenye jua. "Ukiolewa, mumeo atajitazamia hapa akinyoa ndevu."

Nikajua nimeharibu kitu, ila sikujua nini.

"Hayo masizi ndiyo nilikuwa nachora," akasema. "Ni ya miaka. Siku hizi napikia gesi."

"Nikuletee ya nyumbani?"

"Ya nyumbani kwenu anaosha nani?"

"Mimi."

Akacheka kidogo puani. Kisha akaketi mbele ya turubai na kicheko kikaisha. "Jumatatu watakuta nusu. Watasema, mzee, basi tuchoree simba."

Nikamwomba niondoke na sufuria. Akasema, chukua, hata hivyo imeshakufa. Nilipofika mlangoni akauliza, "Masizi yalikuwa na rangi gani?"

"Meusi."

Akarudi kutazama turubai. Jioni nzima nilijiuliza kwa nini aliniuliza kitu ambacho kila mtu anakijua.

Kesho yake, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha moto wa mafiga uani na kuchochea kuni mbichi. Nikapika maharage kwenye sufuria ya babu. Moshi ulinitoa machozi. Mama akatoka amejifunga khanga.

"Hiyo ya nani? Na kuni mbichi za nini?"

Nikamwambia yote, sauti ikikwama na kukwamuka. Akaniangalia, akarudi ndani, akaleta kuni nyingine mbichi.

Saa mbili niliyahamisha maharage, nikaibeba sufuria kwa vipande vya gunia bila kuigusa ubavuni. Watu walikuwa wanatoka misa ya kwanza. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Binti mzima, sufuria hiyo." Shingo ilipata moto lakini sikusimama.

Babu aliiweka mahali pake mezani. Moshi ulikuwa umepanda upande mmoja zaidi, na kwingine mng'ao wangu wa jana ulionekana kwa chini.

"Si ile," akasema. "Hii ni nyingine." Akaizungusha kidogo, akaizungusha tena, akavuta ubao wa rangi. "Haya. Rangi gani?"

Safari hii nilitazama kwanza. Nikainama, nikasogea dirishani, nikarudi.

"Karibu na ukingo ni kahawia, kama kahawa iliyokaangwa kidogo," nikasema. "Katikati kuna bluu. Nyeusi iko hapa chini tu."

Akachovya brashi kwenye bluu.