Fundi Asiyeitikia Salamu

Mwaka wa arobaini na saba, mtu akitaka kumsema Nzai wa Ngowa pale Changamwe alikuwa na la kusema moja tu, kwamba ana kiburi. Ufundi wake haukuwa na mpinzani. Gari lililowashinda mafundi wa kisiwani Mombasa lilivushwa daraja la Makupa, likakokotwa hadi kwenye kibanda chake cha makuti, na likarudi lenyewe. Lakini umsalimu Nzai akiwa ameinamia injini, utasimama hapo mpaka midomo ikukauke. Hageuki, haitikii, hata kuguna haguni.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko masengenyo. Nzai alikuwa hasikii. Alikwenda vitani na Keya, jeshi la Mwingereza, akawa fundi wa malori ya jeshi huko Burma, na asubuhi moja kombora lilianguka karibu na lori alilokuwa amelala chini yake. Lori lilimkinga mwili, masikio halikuyakinga. La kulia lilikufa palepale, la kushoto likabaki na mvumo tu, usiopambanua sauti ya mtu na ya upepo.

Aliporudi aliandikwa kazi kwenye karakana moja ya kisiwani. Siku ya kwanza, saa nne, msimamizi alimwita mara mbili kwa nyuma akitaka spana. Saa tano Nzai alikuwa nje ya lango. Kufukuzwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kicheko. Hakukisikia, lakini aliyaona meno ya kila mtu mle ndani. Fundi wa injini asiyesikia injini, jamani, hiyo si ndiyo karagosi? Tangu hapo aliapa kwamba huko Changamwe siri hiyo hataijua mtu mwingine ila mkewe Kanze. Waniite mwenye kiburi, alimwambia. Mwenye kiburi hupewa kazi, kiziwi hapewi.

Basi wakapanga njia yao. Kanze alichoma mihogo mlangoni pa kibanda, na kando ya jiko lake kulikuwa na fungu la vijiwe. Mteja akitokea barabarani, Kanze humrushia mumewe kijiwe mguuni, naye hugeuka kama aliyesikia hatua. Akishamwona mtu uso kwa uso, midomo aliisoma vizuri kuliko wengine wanavyosoma barua. Na injini aliisikia kwa njia zake: kwa viganja, kwa nyayo tupu, na kwa meno. Aliiegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, akauma mpini wa mti, na mfupa wa taya ukamletea habari zote.

Njia hiyo ilikuwa nzuri mradi Kanze yupo. Siku aliyokuja Mohdhar wa Jomvu Kuu, Kanze alikuwa amekwenda matangani Rabai.

Mohdhar alikuwa mfanyabiashara wa nazi, mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima na hasira za karibu. Alikusudia kununua pikapu kwenye mnada wa magari ya jeshi, akaona kwanza apate ushauri wa fundi. Alisimama nyuma ya Nzai akatoa salamu. Kimya. Akatoa ya pili, akatoa ya tatu, na mgongo wa Nzai ukaendelea kupiga tasi, ile tupa ya kusugulia chuma. Sasa wewe mwenyewe wajua, pwani hii hata mwombaji huitikiwa salamu, hata adui huitikiwa. Mohdhar aligeuza viatu vyake akaondoka, na jioni hiyohiyo, baada ya sala, barazani Jomvu Kuu kila mtu aliyapata masimulizi. Kuanzia wiki ile hakuna gari la Jomvu lililosimama tena kwa Nzai. Nzai aliona wateja wamepungua, asijue kwa nini.

Pikapu Mohdhar aliinunua vivyo hivyo, bila ushauri. Ilikuwa nzuri kwa macho, imepakwa rangi mpya ya kijani ya jeshi. Ila ukiiwasha ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na ukikanyaga mafuta, milango ilipiga makelele na meno ya dereva yakagongana. Abiria wa kwanza waliteremka njiani wakasema watatembea. Fundi mmoja alibadilisha plagi zote, wa pili akalaumu giaboksi. Miezi minane baada ya ile salamu, Mohdhar aliimeza aibu yake akaileta pikapu Changamwe.

Kijiwe kilimgonga Nzai mguuni. Akageuka, akaona uso uliokunjamana, akasalimiwa kwa ubaridi naye akaitikia kwa adabu zote. Mohdhar alishangaa kidogo, lakini hakulainika. Akajitaja jina, akaeleza ugonjwa wa gari maneno mawili matatu, akaketi nyuma ya usukani. Nzai akamwonyesha ishara: nikitoa mkono wazi pembeni ya boneti, washa, nikikunja ngumi, zima.

Gari likatetemeka palepale liliposimama, na kadiri mafuta yalivyoongezwa ndivyo lilivyozidi. Basi magurudumu hayamo, giaboksi haimo, Nzai alijiambia. Ugonjwa uko mbele. Akachomoa waya za plagi, moja baada ya moja, na kila alipochomoa injini ilichechemea kwa kiasi kilekile. Zote zinafanya kazi. Akabonyeza mipira inayoishikilia injini, akaiona mizima. Ndipo akauma bisibisi. Katikati ya injini palikuwa shwari. Mbele, karibu na feni, kitu kilimgonga taya, tena na tena, kila mzunguko mara moja.

Mohdhar alichungulia dirishani akaona. Mafundi wote aliowajua walitega sikio. Huyu anatafuna bisibisi. Akajuta kuja.

Nzai alikunja ngumi, injini ikazimwa. Alitaka kuulegeza mkanda wa feni, autoe, kisha awashe tena aone kama mtetemo utabaki. Rejeta ilikuwa imepungukiwa maji, kwa hiyo Kanze alikuwa amechukua debe kwenda kuteka maji. Nzai akainama, akaingiza vidole vya mkono wa kulia kati ya mkanda na puli yake.

Boneti ilimziba. Mohdhar, aliyechoka kungoja, akauliza kutoka ndani kama awashe. Kimya. Akauliza mara ya pili, kwa sauti zaidi, na mara ya tatu. Sasa, mtu mwingine angeteremka akaenda kutazama. Lakini Mohdhar alikuwa juzi tu amemuoza binti yake Zubeda. Alimwuliza mara tatu kama ameridhia, msichana akainamisha kichwa asiseme neno, na kimya kile kikahesabiwa ridhaa na kila mtu akafurahi. Aliyeulizwa mara tatu akanyamaza amekubali. Hivyo ndivyo Mohdhar alivyolelewa. Akabonyeza stata.

Nzai alikuwa ameegemeza kifua kwenye chuma cha mbele, na ule mshtuko wa kwanza ulimfika kifuani kabla mkanda haujakaza. Akauvuta mkono. Uliacha ukucha wa kidole cha kati na ngozi ya kidole cha jirani. Vidole vyenyewe vilibaki.

Mohdhar aliruka chini akaona damu kwenye rangi ya kijani. Hofu ikamtoka kwa sura ya ghadhabu, kama inavyowatoka wanaume wengi.

"Nimekuuliza mara tatu, fundi. Mara tatu! Kiburi gani hiki cha kukatisha vidole?"

Nzai alimtazama midomo. Angeweza kusema uongo. Alikuwa na uongo mwingi wa akiba, wa mawazo mengi, wa usingizi, wa shughuli. Lakini vidole vilikuwa vinamwuma, na uso wa yule mtu ulikuwa umekuwa mweupe kwa woga, na Nzai akahisi amechoka. Amechoka kabisa kuwa mwenye kiburi.

"Sisikii, Bwana Mohdhar," alisema. "Tangu vitani. Sikisikii hata kidogo unachokisema, nakiona tu."

Kanze alifika na debe kichwani, akasikia neno lile, na maji yote yakamwagika. Alirarua ncha ya leso yake akaanza kumfunga mumewe vidole, na machozi yakimtiririka, maana alijua vizuri kuliko mtu yeyote neno lile limemgharimu nini.

Mohdhar aliketi juu ya gurudumu kuukuu, kanzu nyeupe na yote. Kisha akainua uso ili midomo yake ionekane.

"Na siku ile nilipokuya nikakusalimu, ukanipa mgongo?"

"Siku ipi?" aliuliza Nzai.

Basi. Miezi minane Mohdhar amelala na chuki, ameamka nayo, ameipeleka barazani na kuirudisha, na mwenzake hakujua hata kwamba alikuja. Mtu mzima alitazama mchanga.

Kazi ilimaliziwa na mikono mitatu. Mohdhar alipandisha mikono ya kanzu, akalegeza nati alizoonyeshwa, akautoa mkanda. Nzai akaweka kikombe cha maji kwenye bawa la gari, juu ya gurudumu la mbele, akatoa mkono wa kushoto, na Kanze, aliyekuwa sasa ndiye nyuma ya usukani, akawasha kama alivyoelekezwa. Maji yalitulia kikombeni. Mohdhar akacheka peke yake kwa mshangao. Walizima upesi, kwa kuwa bila feni injini ingechemka, kisha wakaifungua feni yenyewe. Nzai akaitundika kwenye msumari mnene akaizungusha. Iliposimama, panga moja lilikuwa chini. Akaizungusha tena, na panga lilelile likarudi chini. Akalikwaruza kwa kisu, na chini ya ile rangi mpya kikatokea kiraka cha chuma. Mtu fulani jeshini alilichomelea panga lililovunjika, kisha akalifunika kwa rangi lisionekane. Uzito ule mmoja ndio uliokuwa ukilitikisa gari zima.

Mohdhar ndiye aliyepiga tasi kile kiraka, Nzai akiipima feni kwa msumari, mpaka feni ikasimama popote ilipoachwa. Walipoirudisha na kuwasha, pikapu ilinguruma kwa utulivu, na milango ikanyamaza.

Kabla Mohdhar hajaondoka, Nzai alimshika mkono. Alimwomba jambo moja, asimwambie mtu. Jambo likijulikana kazi yake imekwisha, alisema, na ana mtoto, Mbeyu, aliye shuleni Frere Town. Mohdhar alimtazama kwa huzuni, akapanda gari, akaenda bila kuahidi. Usiku huo Nzai hakula.

Siku ya nne pikapu ilirudi. Nyuma ilibeba ubao mrefu wa mvule. Mohdhar aliushusha mwenyewe, akaulaza kutoka ukingo wa barabara hadi chini ya benchi ambapo Nzai husimama, akakita pande zote mbili kwa mawe. Kisha akaja akasimama mbele yake.

"Nimewaambia," alisema polepole. "Barazani, wote. Nilikusema mbele za watu, fundi. Wallahi, siwezi kukutakasa kwa siri. Nimewaambia yeye si mwenye kiburi, mwenye kiburi ni mimi. Na nimewaambia yuwasikia injini kwa meno kuliko nyinyi kwa masikio."

Nzai alikasirika, na zaidi ya kukasirika aliogopa. Aliingia ndani akaketi gizani, na Kanze akamwacha. Siku mbili nzima hakuja mtu, na kila saa iliyopita bila mteja ilimwambia kwamba ndivyo alivyojua itakuwa.

Siku ya tatu, akipanga spana zake pasipo sababu, ubao ulitikisika chini ya nyayo zake. Aligeuka. Alikuwa Rama wa Jomvu, mwenye lori la mihogo, naye alikuwa akipiga mguu makusudi, akitabasamu kwa haya, kama mtu anayebisha hodi. Alimsalimu akimtazama usoni. Nyuma yake alisimama Wafula, dereva wa bandarini, ambaye naye, zamu yake ilipofika, aliupiga ubao mguu kwa nguvu kupita kiasi. Kanze alicheka kwa mara ya kwanza tangu vidole vya mumewe viumie, na vijiwe vyake akavimwaga barabarani.

Mohdhar mwenyewe alikuja baada ya mwezi. Nzai alikuwa ameinama, mgongo uleule aliompa siku ya kwanza, ndipo ubao ulipomletea hatua nzito za mtu mwenye tumbo. Aliweka tasi chini, akafuta mikono, akageuka, na kabla Mohdhar hajafungua kinywa akamwambia:

"Alaikumu salamu, Bwana Mohdhar."

Mohdhar alisimama. "Mbona bado sijakusalimu, fundi?"

"Hiyo ni ya siku ile," alisema Nzai. "Ya leo nangoja."