Kidole cha Mama Biira

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka nafunika uso kwa kiganja, hata nikiwa peke yangu. Juzi ilinijia ninakunywa chai, nikaweka kikombe chini, chai ikapoa. Mke wangu akaniuliza, "Jino tena?" Nikamwambia ndiyo, jino. Basi leo nakueleza wewe jino lenyewe. Usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha.

Na usicheke nikijiita mzee. Mvi zimeniwahi, na aibu inazeesha kuliko miaka. Wakati ule nilikuwa kijana mwenye maringo, fundi wa antena hapa Bwera. Mitambo ya zamani ilikuwa imezimwa, ile ya picha zenye chenga, na watu walikuwa wamebaki wanatazama televisheni zao kama wanatazama kabati. Mimi nilikuwa nimejifunza Kasese mjini namna ya kunasa picha ya HD kutoka hewani kwa antena tu, bila lile dishi la bati. Picha safi, wee! Unaona jasho kwenye paji la uso wa mchezaji, unaona uzi uliolegea kwenye jezi. Lakini huku kwetu milima haina huruma. Ukigeuza antena kidogo tu, kilima kinakuzibia, na dijitali haijui nusunusu: ama picha ipo, ama hakuna kitu. Kwa hiyo fundi anapanda juu ya mabati, anageuza polepole, na watu walioko ndani wanampigia kelele: "Bado! Bado! Imekuja! Aa, imepotea!" Hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Nilikuwa nimemchumbia Biira, msichana wa pale mtelemkoni, njia ya kushuka Mpondwe. Baba yake, Mzee Masereka, alikuwa mtu mpole anayependa mpira kuliko chakula. Mama yake, tuliyemwita Mama Biira, aliuza samaki wakavu sokoni Mpondwe, pale mpakani. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kizito na kitamu. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshapokelewa, ilibaki wazee kupanga siku. Nilimpenda yule msichana, mwanangu. Nasema wazi, kwa sababu usipojua hilo hutajua nilichopoteza.

Sasa wewe umezaliwa hapa, unajua mambo ya mkwe na mama mkwe. Hawapeani mkono. Hawakai kiti kimoja. Ukimwona anakuja njiani, unasogea pembeni, unainamisha macho, mama wa watu apite. Siku hizi mnakumbatiana nao kwenye picha za harusi, haya, dunia ni yenu. Wakati wangu, mama mkwe ulimsikia zaidi ya kumwona.

Basi Jumapili moja baada ya misa nikasema, leo nitawaonyesha hawa watu mkwe waliyempata. Nikabeba antena mpya, waya na mlingoti, nikaenda. Mzee Masereka alifurahi mpaka akaita majirani, sebule ikajaa, maana kulikuwa na mechi. Mtu akaniletea ngazi. Nikamwambia mzee, "Mimi napanda," akanijibu, "Panda, mutoto, panda, tusikose mwanzo!" Nikapanda. Hakuna aliyefikiria uani, na mimi niliyepaswa kufikiria ndiye niliyekuwa nawaza sifa.

Nikasimama juu ya bati, nikaanza kugeuza. "Bado!" Nikageuza. "Bado!" Nikajipinda mpaka uso wangu ukatazama nyuma ya nyumba. Ndani wakalipuka: "Imekuja! Hapohapo! Usiguse! Kaa hivyohivyo!"

Chini yangu lilikuwepo bafu la uani, lile la kuta za mabati makuukuu, juu wazi. Na ndani yake alikuwa Mama Biira, anaoga.

Ee Mungu wangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ametoka kupeleka samaki kwa mteja, akasikia mkwe amekuja, akaenda kujitoa harufu ili anisalimie akiwa msafi. Alikuwa anaoga kwa ajili ya heshima yangu.

Aliinua uso, macho yetu yakakutana. Hakupiga kelele. Alichutama, akavuta kitenge chake kutoka ukutani, akajifunika. Halafu akaweka kidole kwenye midomo yake. Kidole kimoja tu, hivi. Nikafumba macho. Nakuapia niliyafumba, na nikafunga ule mlingoti kwa kupapasa, waya ukinikata vidole, huku wale ndani wanashangilia, "Fundi! Fundi! Picha kama dirisha!" Nikashuka.

Kisha tukala. Mama Biira akaja mpaka mlangoni, kitenge kipya, nywele bado zina maji, akapiga magoti kidogo, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Karibu, mukwe. Aksanti kwa televizyo." Kama hakuna lililotokea. Nikaelewa. Yule mama alikuwa amechukua aibu ile, ameifunga, ameifukia, na mimi hakunidai chochote ila kunyamaza. Mpaka hapo, mwanangu, kosa langu lilikuwa la kusamehewa. Macho hayana mlango, yanaona yanachokutana nacho.

Lakini wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Jioni yake nilikaa na rafiki yangu Kule, tunakunywa tonto, pombe ya ndizi. Kule alikuwa mtu wa mizaha. Akaanza kunichokoza: "Wewe huyo msichana hupewi. Wale watu hawakuamini, hata mama yake hujawahi kumwona uso." Maringo yakanipanda pamoja na ile pombe. Nikacheka, nikasema, "Uso? Mimi nimeona zaidi ya uso." Nikamsimulia yote. Na sikumsimulia kwa huzuni. Nilisimama nikaigiza namna alivyochutama. Nilimwigiza mama wa Biira, mwanangu, mbele ya mlevi, na kibuyu mkononi. Hata kile kidole nilikiigiza, na hapo ndipo Kule alipocheka zaidi.

"Usimwambie mtu," nikamwambia. Mjinga mimi! Nilichoshindwa kukificha mwenyewe nikamwomba mwingine anifichie.

Siku ya soko ilipofika, habari ilikuwa imeshatangulia. Mama Biira alitandika gunia lake, akapanga samaki. Mchukuzi mmoja akapita, akamwita, "Mama HD!" Wanawake wakaziba midomo. Mwingine akauliza, "Mama, leo picha iko safi?" Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, akakusanya samaki mmoja mmoja, akakunja gunia, akajitwika, akapanda mlima kurudi nyumbani. Hakurudi tena kwenye lile soko. Mahali pale alipouzia tangu Biira yuko mgongoni, pakachukuliwa na mtu mwingine.

Biira alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi. Nikasimama kumpa kiti, hakukitaka. Akasema, "Kumwona mama yangu, ilikuwa bahati mbaya. Kumwonyesha watu wote, hiyo ulitaka mwenyewe." Nikaanza kusema ni Kule, Kule ndiye aliyesambaza. Akageuka, akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika bisibisi, sijui ninaifungulia nini.

Nikakimbilia kwa baba yangu mkubwa, Mzee Baluku, ambaye ujana wake wote alikuwa mwezekaji wa nyumba za nyasi. Nilitegemea anitafutie njia ya kupoza mambo, mbuzi mmoja, maneno mawili matatu, yaishe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea:

"Kabla ya kupanda, uliita?"

"Nilimwambia Mzee Masereka."

"Nauliza uliita? Sisi tulipokuwa tunaezeka, hakuna mtu aliyeweka mguu kwenye ngazi kabla ya kuzunguka nyumba anaita, 'Hodi ya juu! Napanda!' Anangoja. Mwenye kuoga anatoka, mwenye kunyonyesha anajifunika, mgonjwa anaingizwa ndani. Ndipo unapanda. Unadhani hodi ni ya mlango tu? Ukiwa juu ya paa uko ndani ya nyumba ya watu zaidi ya aliye sebuleni. Haya, hukuita. Hilo ni la ujinga, na ujinga una dawa. Lakini yule mama alikufichia. Angeweza kupiga kelele, ukashushwa na fimbo na uchumba ukafia palepale. Alijisitiri, akakusitiri na wewe. Na wewe ukamlipa nini? Fadhila ya punda mashuzi." Akatema mate pembeni. "Nitakwenda na wewe. Lakini siendi kukuombea mke. Nakwenda kwa sababu ukoo wetu una deni la heshima pale."

Tukaenda, na mbuzi nyuma yetu. Mzee Masereka alitupokea bila kuinua macho. Mama Biira hakutoka, alikaa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, nikaona vidole vya miguu yake tu. Baba mkubwa akaongea maneno ya wazee, mazuri. Kisha nikapiga magoti, nikasema nimekosa. Nikasema tena. Ndipo akajibu, polepole:

"Pale juu uliniona peke yako. Nilikuomba na kidole tu, unyamaze. Nikasema, huyu iko mutoto wangu sasa, atanifunika. Leo niko uchi mbele ya soko muzima. Utanivalisha na nini? Na mbuzi?"

Mbuzi yule alilia uani kana kwamba anajibu yeye, na baba mkubwa akaniinua kwa mkono, tukaondoka.

Walirudisha mahari, kwa adabu, bila ugomvi. Mzee Masereka aliishusha ile antena mwenyewe, akaizungushia waya wake vizuri, akaniletea mpaka kibandani. Mzee anayependa mpira vile! Akasema, "Mama Biira hawezi kukaa chini ya hii." Biira aliolewa Mubuku, kwa mkulima wa mpunga, na nasikia wanaishi vizuri. Mama yake alihamia huko kuuza samaki, mahali ambapo hakuna aliyemjua kwa jina lile. Mimi nilioa baadaye, mwanamke mwema, lakini mama yake alikuwa ameshafariki. Sijawahi kuwa na mama mkwe.

Sasa ukipita Bwera leo utasikia vijana mafundi, kabla ya kupanda, wanazunguka nyumba wanaita, "Hodi ya juu! Napanda!" Wameiga kwangu. Wanadhani naogopa ajali. Mteja mmoja alinisifu, akasema mimi ni fundi mwenye adabu, nikashindwa kula siku ile. Kila ninapoita hodi ile, ninamwona yeye, amechutama, kidole mdomoni. Nimepanda mapaa yote haya, Bwera mpaka Kasese, na sijapata paa ambalo kidole kile hakipo.

Kwa hiyo nikushauri, mwanangu, ingawa mshauri mwenyewe ameoza. Piga hodi hata pale pasipo na mlango. Ukiona jambo la mtu kwa bahati mbaya, lile ulilolikuta juu ya paa liache juu ya paa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasimulii. Nyinyi wa leo mna hatari kunishinda mimi, kwa sababu ile simu mfukoni mwako inaona na kusema kwa wakati mmoja. Mimi nilihitaji kibuyu cha tonto na mlevi mmoja, wewe unahitaji kidole gumba. Kabla hujakibonyeza, kumbuka kuna kidole kingine, cha mtu aliyechutama, anakuomba. Na ukishakosea, usijidanganye kwamba kuna mbuzi wa kutosha. Omba msamaha hata hivyo, piga magoti, lakini ujue nguo uliyomvua mtu kwa ulimi hairudi mwilini mwake kwa kuombwa.

Haya, nenda. Mungu akupe macho yanayojua kufumba, na ulimi mzito kuinuka. Akupe nyumba isiyovuja na picha isiyokatika. Akupe mke unayempenda. Na siku utakapokwenda kwao, mama yake asikie sauti yako, aoge, avae kitenge kipya, atoke mlangoni bila hofu, akuite mutoto wangu.