Misumari Kinywani mwa Wifi

"Mwanao kanikodolea macho!" wifi yangu alifoka, misumari midogo ikimchezacheza mdomoni. "Kaingia, kanipa mkono kama mkaguzi wa mizani, eti 'mimi ni mchapakazi, najifunza haraka.' Nani kamuuliza? Kalelewa wapi huyu?"

"Kwa kaka yako," nikamjibu. "Ukitaka kulaumu malezi, anzia kwenu."

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu. Shule ilitaka kila mwanafunzi ashinde wiki moja mahali pa kazi, na mwalimu akawafundisha namna ya kujieleza: mtazame mtu machoni, taja sifa zako. Mwalimu hakumjua wifi yangu. Kwake yeye, mtoto anayejisifu mbele ya mkubwa ni mtoto aliyekosa kofi. Alikuwa ameshamfukuza binti yangu, na asiyepata pa kwenda angebaki shuleni akifyeka nyasi huku wenzake wakimcheka. Ikabidi nimeze kiburi changu.

"Mpokee, wifi. Nakuomba."

"Asinisemeshe. Ang'oe misumari ya zamani, basi."

Wifi ni fundi wa masofa. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, na shemeji zake walipokuja kugawana nyundo aliwatoa mbio. Karakana yake ni chumba kimoja, sponji zimepangwa hadi darini, na ukutani kinaning'inia kiti, miguu juu, hakina pa kukalia. Kiti hicho ni changu. Aliniahidi siku ya harusi yangu. Binti kazaliwa, kakua, kaota chunusi, kiti bado kiko ukutani. Nikimkumbusha husema, "Kwani umechoka kusimama?"

Siku ya tatu binti alirudi vidole vimechubuka.

"Mama, shangazi anaogopa."

"Shangazi yako? Anaogopa nini, kuniona nimekaa?"

"Wateja. Mteja akitokea mlangoni tu, anajaza misumari mdomoni ili asiongee. Wanapunguza bei wanavyotaka, yeye anaitikia kwa kichwa."

Sikuamini. Ulimi ule unaotuchanja ndugu kama wembe?

Siku ya mwisho nilimpelekea binti chakula cha mchana, nikamkuta mama mmoja mwenye viatu virefu akibonyeza sofa lake.

"Mbona gumu hivi? Nitalipa nusu."

Nikauona mkono wa wifi unavyokwenda kwenye kopo la misumari. Akajaza mdomo.

Binti akaweka koleo chini, akasimama mbele ya yule mama, akamtazama machoni.

"Shikamoo. Shangazi yangu ni mchapakazi. Sponji hiyo ni mpya, ndiyo maana ngumu. Ile ya zamani niliitoa mimi, ilikuwa unga mtupu. Kila mkanda wa chini ya sponji anaukaza mara mbili. Na hacheleweshi kazi ya mtu."

Hacheleweshi! Nikatazama kiti changu ukutani, nikauma midomo.

Mteja akamgeukia wifi. "Ni kweli?"

Wifi akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Kweli. Na bei ni ileile."

Yule mama akaguna, akalipa yote.

Alipotoka nilidhani mtoto atashukuriwa. Wapi!

"Nani kakutuma uninadi kama mbuzi mnadani?" Binti akainamisha uso. "Na usiinamishe uso sasa, macho umeshayakodoa!"

Kesho yake wakaja nyumbani wote wawili wamebeba kiti. Kimevikwa mabaki ya kitambaa cha buluu, na mshono wa upande mmoja umekwenda kama njia ya mlevi.

"Kashona mwanao," wifi akasema kabla sijafungua mdomo. "Usinilaumu mimi."

"Miaka yote hii, halafu kimepinda?"

"Niliahidi kiti. Sikuahidi kinyooke." Akamgeukia binti. "Wewe, shule zikifungwa uje asubuhi. Mteja akiingia, umsemeshe wewe."

"Ndiyo, shangazi," akasema, na meno yote nje.

Nikakaa. Kigumu kama wifi mwenyewe. Wifi alisimama ananingoja, mdomo wake mtupu.

"Deni limekwisha," nikamwambia.