Mama Alipotoka Kwenye Orodha

Kituo chetu cha kupimia majani chai, huku Silibwet, kiliniomba nitengeneze tovuti ya kuonyesha kilo za kila mkulima kwa mwezi. Nikaandika kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, peke yangu, katika nyumba aliyoniachia mama. Wakulima niliwaweka kwenye array moja, yaani orodha ya ndani ya programu: jina ndilo ufunguo, kilo zinafuata.

Niliingiza watu arobaini, wakatokea thelathini na tisa. Nikaitukana laptopu asubuhi nzima, kumbe mjinga nilikuwa mimi. Kwetu Wakipsigis mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa. Mama na mke wa baba mdogo walizaliwa alfajiri wote wawili, wakaolewa boma moja na kuchukua jina moja la ukoo, wakawa na majina yaleyale. Array haishiki ufunguo mmoja mara mbili. Kilo za mama mdogo zilipoingia, za mama zilifutika kimyakimya.

Nikatumia nambari za wakulima badala ya majina. Mama akarudi, wa kwanza kabisa. Nikageuka kumwita aje ajione.

Jikoni hakukuwa na mtu. Kwenye skrini, kando ya jina lake: kilo sifuri. Tangu tumzike chai yake haichumwi, imekuwa miti, na mimi niko ndani, napanga majina.